Kifungua Mimba na Shamba la Ikinga

Tusekile mwanangu, u mzima?

Mvua ya huku Uingereza inanyesha bila hata radi. Jana kaka yako kanipeleka kwenye jumba la mawe la wenye ardhi wa kale. Akasema, "Mama, hawa shamba lote walimwachia mtoto wa kiume wa kwanza. Wasichana waliozwa wakaenda zao." Nikajua yeye, kifungua mimba wangu, analitaka shamba letu la kahawa la huko Ikinga. Nikamuuliza, "Na hao wa kwanza wako wapi, mbona mlangoni wageni wanakatiwa tiketi?"

Tangu hapo kaninunia. Nakula viazi peke yangu, na jirani simwamkii tena, haitiki.

Shamba ni lako uliyelilima. Acha uvivu, palilia. Nimekumbuka hata kukoroma kwako.

Mama yako