Mkanda wa Stefano

Jumatatu, 5 Septemba 1949
Nimetoa kichwa cha injini. Vumbi hadi kwenye meno. Silinda zimelika, si zaidi ya gari lolote la milimani. Namba nne imelika upande mmoja, maikromita haidanganyi. Itabidi ikachongwe Mbeya. Rejeta ilikuja kavu, haina hata tone la maji.

Lori lilivutwa jana kutoka mlima wa Msangano, magunia ya ulezi yote juu. Dereva wake, mdogo wangu Stefano, hayupo. Tajiri mwenye lori anasema aliunguza injini, akaogopa, akavuka mpaka kwenda migodini Rhodesia. Tunduma nzima imekubali. Mimi pia. Nina hasira naye.

Jumanne, 6 Septemba
Rabeka, mkewe, alikuja gereji. Hakutaka kuketi. "Shemeji, Stefano hawezi kwenda mbali akaacha koti lake la kanisani."

Nikamjibu kwamba wanaume huondoka hata bila viatu. Rabeka akaondoka bila kuaga.

Jumatano, 7 Septemba
Leo nimefungua injini kwa chini, kukagua beringi. Oili imo, ya kutosha. Mbili za kwanza zimekwanguka kidogo. Mkono wa pistoni ya tatu hauna beringi kabisa. Pana ngozi.

Beringi ikiungua porini, dereva hukata mkanda wa suruali, akaviringisha ngozi mahali pake, akajikongoja hadi nyumbani. Nilimfundisha mwenyewe. Ngozi hii naijua. Ina tundu nililolitoboa kwa msumari wa moto, kwa kuwa mdogo wangu hana kiuno, mkanda ulikuwa ukimlegea. Amekata palepale penye tundu ili oili ipite. Kazi safi.

Nimeipima. Haijalika. Kingo bado kali. Basi injini ilizunguka kidogo tu, ikachemka, akasimama.

Mtu wa kutoroka halali chini ya gari akahangaika na beringi. Alikuwa anarudi nyumbani. Rejeta kavu. Debe la maji halimo kwenye lori, nimepekua kote. Sitaki kuandika ninachofikiri.

Ijumaa, 9 Septemba
Tulikwenda mlimani na wanaume wa kanisa. Rabeka alitangulia, hatukuweza kumzuia. Pale lori liliposimama, njia ya kijitoni inashuka wima, mawe hayashiki.

Tumempata. Debe lilikuwa chini zaidi, limebonyea. Mguu umevunjika juu ya goti. Suruali ameifunga kwa kamba ya gunia. Hakufa alipoangukia. Majani yamelala njia nzima alikojiburuta kuelekea barabarani.

Jumapili walipokuwa wakifunga minyororo ya kuvutia lori, sijui kama alikuwa bado anasikia. Sisi huku tulikuwa tunamtukana.

Jumapili, 11 Septemba
Tulizika jana. Amevaa koti lake.

Tajiri alikuja msibani, akakaa nyuma. Sikumsalimu. Beringi mpya zimefika. Kesho nitaanza kufunga injini, kazi ni kazi.

Jioni nilimpelekea Rabeka kile kipande cha ngozi. Nilikiosha kwa mafuta ya taa, bado kinanuka oili. Alikipokea kwa mikono miwili. Akaniwekea kigoda, akanipa uji, tukakaa.