Tairi ya bamama ba kwaya

Nakivale, Jumanne jioni, 2009

Gari bado inavuta kushoto! Kutoka Mbarara hadi hapa nimeshindana na usukani mpaka mabega yananiuma. Na leo ndiyo nimetoka kupima alaimenti ya magurudumu mara ya pili. Fundi wa Kamukuzi, huko Mbarara, hata hakuinuka kwenye kiti: "Mashine inasema iko sawa, ssebo. Labda ni barabara."

Barabara! Kesho nabeba mama mwenye mimba kumpeleka hospitali. Na gari hii ya kanisa ikitaka mtaro, mimi...

Nilipofika nyumbani nikapiga jeki kwa hasira, nikabadilisha tairi za mbele, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Nikaijaribu kwenye njia ya Rugaaga. Ikavuta kulia. Basi si alaimenti, ni tairi. Na ninajua ni ipi. Ni ile mpya, bamama ba kwaya balichanga, bakaileta kanisani bakiimba, pasteri akaiombea.

Nimeihamisha nyuma. Gari inaenda sawa kabisa.

Ila kiongozi wa kwaya ni mke wangu. Akazunguka gari, akasimama. "Baba Neema, mbona tairi yetu umeitupa kule nyuma?"

Nikasema nyuma ndiyo fasi inayobeba uzito wa watu. Akafurahi, akaenda kuwaambia wenzake.

Sasa ninabasikia huko nje. Banapanga kununua ya pili, duka lile lile.