Watu Waliokuwa Nyuma ya Washindi

Jumapili, 1996

Nimemkemea mama leo, na sitajisamehe upesi.

Ilikuwa fainali ya yale mashindano ya wasafiri tunayoyatazama kila wiki. Wale dada wawili niliowapenda walikuwa wakikimbilia utepe wa mwisho, sokoni Maskati, mama akasimama mbele ya televisheni.

"Mama, wanizibia. Sioni nani ameshinda."

"Mimi siwaangalii hao," akasema. "Naangalia watu walio nyuma yao. Huenda Salimu akapita."

Kaka yangu alikwenda Maskati kutafuta kazi. Mwaka wa nne huu hatujapata barua yake.

Yakaja matangazo, naye bado amesimama, mkono juu ya kioo.

"Wiki ijayo wataonyesha tena soko lile?"

Nikamwambia mashindano yamekwisha. Heri ningesema sijui.