Mara Ngapi kwa Wiki

Jumanne, 17 Septemba 2024

Leo miezi mitatu na wiki mbili tangu niondoke nyumbani Kasulu. Mabega yameisha. Tangu asubuhi tunapandisha mawe ya msingi hapa Kiseke, kutoka barabarani hadi kiwanjani, maana gari halifiki juu.

Saa saba, wakati wa kula, akaja binti wa utafiti, jina lake Modesta. Anataka kujua sisi wa kazi ngumu tunakula nini kwa kawaida. Si jana wala juzi — mwezi mzima uliopita. Anataja chakula, wewe unasema mara ngapi kwa siku, au kwa wiki, au hujala kabisa. Vyakula zaidi ya mia. Anazo na picha za sahani, umwonyeshe kiasi. Ugali una picha tatu. Mwenzetu Chenge akaitazama ile kubwa kuliko zote, akauliza, "Dada, huu ni wa mtoto wa chekechea?" Hata fundi Yakobo, msimamizi wetu, alicheka.

Zamu yangu nikakaa kwenye tofali, wote wanasikiliza. Nyama? Mara mbili kwa wiki. Samaki? Mara nne. Mayai, maziwa, ndizi — nilikuwa najibu kama mtu anayesoma ubaoni. Chenge akasema, "Kumbe tunabeba mawe na mheshimiwa."

Mama Selina, anayetupikia, alikuwa anaosha sahani pembeni. Ninachokula anakijua, anakipakua yeye. Hakusema kitu. Hilo ndilo limeniuma.

Jumatano, 18 Septemba

Niandike kweli basi, hapa hakuna anayesikiliza. Asubuhi chai ya rangi. Mchana kwa Mama Selina, ugali na dagaa, siku nyingine maharage. Jioni narudi chumbani Mabatini, nakunywa maji, nalala. Nyama niliionja mara moja, mwezi wa saba, mtoto wa Yakobo alipobatizwa. Kinachobaki natuma nyumbani. Sasa aibu iko wapi? Mbona nilidanganya?

Jumapili, 22 Septemba

Nimempigia mke wangu Paskazia. Tulipomaliza salamu nikamwuliza maswali ya yule binti, kwa utani tu. Maharage? Kila siku. Dagaa? Mara tatu kwa wiki. Mayai? Mara mbili. Mtoto anapata maziwa? Kila siku, kikombe kizima.

"Unaniuliza kama nesi wa kliniki," akasema. "Na wewe huko?"

Nyama mara mbili kwa wiki, nikamwambia. Tukafurahi wote wawili.

Nikaulizia mbegu. Akasema ipo. Mavuno ya mwaka huu yalikuwa haba, ndiyo sababu niko huku. Kabla sijaondoka nilichagua maharage yaliyo mazuri, nikayachanganya na majivu yasitobolewe na wadudu, nikayatia kwenye dumu la njano, kifuniko nikakaza mwenyewe. Hayo hayaguswi mpaka mvua ya kupandia. Tukikosa hayo hatuna cha kupanda.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimeteleza na jiwe. Goti limevimba. Nimefanya kazi hivyo hivyo.

Jumanne, 8 Oktoba

Modesta amerudi na maswali yale yale. Yakobo akamwambia, "Binti, si tulishajibu?" Akasema ndivyo wanavyofanya, wanauliza mara ya pili waone kama majibu yanafanana.

Nikaomba tukae nyuma ya rundo la kokoto. Nikasema kweli yote. Ilichukua muda mrefu. Hata maembe ilinibidi nifikiri, kama ni mwezi huu au ule. Mwisho nikamwomba radhi kwa siku ile.

"Usijali, baba," akasema. "Ulijibu haraka mno, nikahisi. Anayekumbuka chakula hunyamaza kwanza."

Maneno hayo nimeyabeba mchana wote pamoja na mawe. Paskazia alijibu haraka.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimepiga simu, amepokea Precious, mtoto wetu. Ana miaka saba. Mama yake ameenda kuchota maji.

"Shikamoo baba."

Marahaba. Jana mlikula nini? Akanyamaza. Nilimsikia anapumua. Maharage, akasema. Na juzi? Maharage. Nikashukuru kimoyomoyo. Na maziwa?

"Maziwa gani?"

Halafu akasema maharage yenyewe hayapendi, yana majivu. Mama anayaosha mara tatu lakini bado yanasaga kwenye meno.

Ya kwenye dumu?

"Eeh. Siku hizi mama analiinamisha ndiyo yatoke."

Nikamwambia amsalimie mama. Sina la kumlaumu. Amefanya kama mimi, ila yeye ana mtoto wa kumlisha.

Jumanne, 15 Oktoba

Mawingu mazito upande wa ziwani. Nyumbani mvua haiko mbali.

Mchana nilibaki nyuma nikamweleza Mama Selina yote, hata ile ya jioni kunywa maji. Akasema, "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, mwanangu." Kaka yake huko Kisesa ana maharage ya mbegu. Kesho nakwenda kuchukua debe moja. Hajui kama yataipenda ardhi ya kwetu. Hata mimi sijui. Kisha akanipakulia ugali mwingine, mkubwa kuliko picha zote za Modesta, akasimama pale mpaka nikaumaliza.

Yakobo nimemwambia pia, na kwamba nataka kupeleka mbegu nyumbani. Alhamisi ni siku ya zege, kila mkono unahitajika. Akasema asiyekuwepo kwenye zege asitegemee kukuta nafasi yake. Hakusema kwa ubaya.

Saa kumi na moja nikampigia Paskazia. Dumu sikulitaja. Naye hakulitaja. Akauliza kama anavyouliza kila mara, nitarudi lini? Siku zote namjibu hapo hapo — karibuni tu.

Leo nilinyamaza. Akadhani simu imekatika. "Baba Precious? Upo?"

Nilikuwa nahesabu. Kesho Kisesa. Keshokutwa basi la alfajiri, debe miguuni. Nikamwambia: Alhamisi hii, tarehe 17, kabla ya giza niko mlangoni.

Naye akanyamaza.