Sharu Niliyoichagua Mimi

Papa Aline wangu,

Nakuandikia kutoka Goma, kwenye chumba cha mbao nilichopanga karibu na soko la Kituku, kando ya ziwa. Asubuhi nauza samaki pale ufukweni, mchana narudi na harufu yao mikononi, ndiyo maana hata karatasi hii inanuka. Barua hii sitaifunga. Nataka kila aliyetoka kijijini kwetu Kalengera aisome, na asiyejua kusoma nitamsomea mwenyewe, kwa sababu ubaya niliokutendea niliutenda mbele ya watu, tena kwa maandishi.

Wapo watakaoisoma ambao hawakukujua. Hao wajue kwamba ulikuwa dereva wa trekta. Ulijifunza ujanani, kwenye shamba kubwa la kahawa, kwa mzee mmoja ambaye hakukuruhusu kugusa usukani mpaka ulipomaliza mwaka mzima wa kuosha mashini na kupaka mafuta. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, najua Kifaransa cha barua. Wakulima wa Kalengera walipoanzisha chama chao wakanichagua mimi kuwa prezida. Ulicheka kwa furaha hadi ukakaa chini kwenye majani. "Kumbe nilioa prezida na sikujua," ulisema, na kwa wiki nzima ulikuwa unaniamkia kwa saluti kila nikitoka jikoni.

Halafu mradi mmoja wa kusaidia wakulima ukatuletea trekta. Ilikuwa ndogo, ya bluu, na watoto waliifuata barabarani kama gari la bibi harusi. Watu wa mradi walituambia kwamba trekta ndiyo hiyo, lakini sharu, yaani jembe la diski la kufunga nyuma, tutaichagua sisi wenyewe Goma, nao watailipia. Wenzetu wote walikuwa wanapiga makofi. Wewe hukupiga. Ulikuwa umeinama nyuma ya magurudumu na ile mita yangu ya kushonea nguo, unapima kutoka gurudumu moja hadi jingine.

Jioni ile uliniletea kitabu cha trekta nikusomee Kifaransa chake. Ulitaka kujua uzito ambao mikono yake ya nyuma inaweza kuinua. Nilikusomea, ukaniomba nisome tena polepole, ukaandika namba kwenye kiganja kwa kalamu ya Aline, ambaye alikuwa darasa la tatu. Kisha ukachukua fimbo ukanichorea trekta kwenye vumbi la uwanja.

"Mama Aline, bantu banaangalia injini tu. Miye naangalia pua. Ukifunga kintu kizito huku nyuma, pua inapanda juu. Pua ikipanda, usukani ni bure, unazungusha tu hewa."

Nilikuuliza, "Sasa tununue gani?"

"Sharu ya diski mbili. Inafika upana wa magurudumu, inafuta alama zao, basi. Ya diski tatu ni ya trakta ya wakubwa. Yetu ingali katoto."

Nilielewa, Papa Aline. Kwa miaka hii yote nimejaribu kujidanganya kwamba mambo ya mashini yalinipita kichwani, lakini uliyaeleza vizuri, na mimi niliyaelewa jioni ileile.

Tulikwenda Goma watu wanne, wewe, mimi na wenzetu wawili wa komite. Unakumbuka uwanja wa yule muuzaji wa mashini. Sharu ya diski mbili ilikuwa kwenye kona, imeshika kutu kidogo, imeegemezwa ukutani. Ya diski tatu ilikuwa mbele ya mlango, imepakwa rangi nyekundu, imesimamishwa kama mtu anayepigwa picha. Uliipita bila kuiangalia. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kona, ukapiga magoti, ukaanza kupima.

Muuzaji hakuhangaika na wewe. Alikuja kwangu. "Madamu Prezida, kile chama cha upande wa pili kilichukua tatu. Wanalima siku moja, ninyi mtalima siku mbili. Ni weye utajibu mbele ya wakulima."

Ukasema kutoka kule chini, "Pini zake ni nene. Haziingie kwenye mikono ya trakta yetu."

"Tourneur, fundi wa kuchonga vyuma, atazipunguza," muuzaji akajibu. "Kazi ya saa moja."

"Pini zilipimwa na waliotengeneza mashini," ukasema. "Hapana punguza. Kama haziingie, ni kwamba hii sharu haikuzaliwa na hii trakta."

Ndipo mmoja wa wenzetu wa komite aliposema lile neno. Hakulisema kwa hasira, alilisema akicheka. "Kumbe prezida ni bwana yake. Tulikosea kupiga kura, tungemuchagua yeye."

Nilikuwa nimelisikia hapo kabla, chini chini, kanisani na kisimani. Kwamba mwanamke ameshika kalamu lakini mumewe ndiye anayefikiri. Siku ile nililisikia mbele ya mgeni, mjini, nimevaa kitenge changu kizuri. Nikasema kwa Kifaransa, ili muuzaji asikie kwamba naweza, kwamba tunachukua ya diski tatu. Kisha nikakugeukia na kukuambia kwa Kiswahili, "Weye ni dereva. Dereva anaendesha."

Ulisimama ukajifuta vumbi magotini. Hukubishana. Tulipokuwa tunarudi, juu ya lori, uliniuliza jambo moja tu: kama tungeweza kupata vyuma vya kufunga mbele, vya kutuliza pua. Nilisema tutaona. Hatukuona. Ulijaza mawe meusi ya volkano kwenye gunia, ukalifunga kwa kamba kwenye pua ya trekta, na watu wakacheka kwamba trekta ya chama imebeba mzigo wa kwenda soko.

Siku ya kwanza ulilima bondeni, mahali tambarare. Injini ilikuwa inalia na kutoa moshi mweusi. Ulikwenda polepole, lakini ulilima, na nyuma yako udongo ulifunguka mweusi, wanawake wakapiga vigelegele. Nilikuangalia nikajiambia, unaona, alikuwa anaogopa bure.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya Muzee Semahoro, ambaye shamba lake liko kwenye mteremko. Ulifika pale, ukazima injini, ukashuka, ukapanda mteremko kwa miguu hadi juu, ukarudi. Ukaniambia mbele ya wote, kwa heshima, "Prezida, hapa hapana. Na hii sharu, hapa hapana. Muzee tutamulimia kwa mikono, miye nitaanza."

Watu wote wakageuka kuniangalia. Yule wa komite alikuwa amekunja mikono kifuani. Nikakusogelea nikakuambia kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, "Unaniaibisha."

Ukapanda.

Mistari miwili ilikwenda vizuri. Ulipofika juu mara ya tatu uliinua sharu ili ugeuke, na lile gunia la mawe likapanda angani. Niliona tumbo la trekta. Ilisimama wima kama farasi, ikarudi nyuma, ikakulalia. Wanaume waliiinua wakiwa kumi na zaidi, na ilichukua muda mrefu. Ulikuwa bado unapumua tulipokulaza kwenye mlango wa nyumba walioung'oa kuwa machela. Ulifariki njiani, kabla ya kufika hospitali, mkono wako ukiwa ndani ya wangu. Wanawake waliniambia "ihangane", nivumilie, na mimi nikawaitikia.

Kama ingeishia hapo ningekuwa mjane tu. Lakini baada ya mazishi watu wa mradi waliomba ripoti, na komite ikakaa nyumbani kwetu, kwenye viti ulivyovitengeneza wewe. Walisema tukiandika kwamba sharu haikuwa ya trekta hii, mradi utauliza nani aliichagua, na trekta itachukuliwa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichukua kalamu nikaandika kwa Kifaransa changu kizuri kwamba dereva alikosea kugeuka. Nikaweka sahihi, na juu ya sahihi muhuri wa chama.

Kumbe maneno ya ripoti hayakai kwenye ripoti. Baada ya mwezi watu walikuwa wanasema hukujua kazi. Baadaye wakaongeza kwamba ulikuwa umekunywa, wewe ambaye hata bia ya harusi yetu ulimpa mjomba wako. Mchungaji alihubiri juu ya uzembe, hakutaja jina, wala hakuwa na haja ya kulitaja. Mama yako aliketi karibu nami kwenye benchi. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akaangalia mbele. Ningeweza kusimama. Kusimama kanisani ni rahisi, watu husimama kutoa ushuhuda kila Jumapili. Niliketi mpaka wimbo wa mwisho.

Halafu vita ikafika. Tulikimbia kwa barabara kubwa, mimi, Aline na mama yako, tukaishi Kibati chini ya hema, kisha tukasogea mjini. Trekta ilibaki. Mmoja anasema ilichomwa, mwingine anasema iliuzwa vipande vipande. Chama kilitawanyika, sijui wako wapi hata nusu yao. Mama yako aliugua kifua kwenye baridi ya hema. Siku zake za mwisho alikuwa ananiomba msamaha, Papa Aline, yeye aniombe mimi. Aliniambia, "Unisamehe, mwanangu, nilikuzalia bwana asiye mwangalifu." Nilikuwa namlisha uji. Nilishika kijiko, nikafungua mdomo, na nikamwambia, "Kunywa, mama." Tulimzika akiamini hivyo.

Mwaka huu nilijaribu kurekebisha. Nilisikia Muzee Semahoro bado yuko Kibati, nikapanda pikipiki nikamfuata. Amezeeka, anaishi kwa mtoto wa dada yake. Nilimwambia yote, nikamwomba aje mjini tuwakusanye watu wa Kalengera walioko Goma, aseme aliyoyaona. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama Aline," akasema, "miye nilikuwa najua tangu siku ile. Sisi wote tulijua. Tulikusikia ukimwambia unaniaibisha."

"Sasa kwa nini hamukusema?"

"Trakta ilikuwa inalima." Akavuta koti lake. "Na leo unataka tumwambie nani? Mama yake iko chini. Shamba langu, sijui nani anavuna. Rudi kwako, mama. Miye nimechoka."

Nilirudi. Nilibaki na mtu mmoja wa kumwambia, na nilikuwa nimemwacha wa mwisho kwa sababu yeye ndiye niliyemwogopa. Aline sasa ana miaka kumi na saba. Amekuwa mrefu, ana paji lako la uso, na akishika kitu chochote anakigeuza kwanza aone kilivyotengenezwa. Shuleni waliwahi kumcheka juu yako. Yeye huwa anasema, "Papa alikosea, lakini nilimpenda." Amelirudia neno hilo tangu akiwa mdogo, na kila mara niliendelea na kazi niliyokuwa nafanya.

Nilimwambia Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, tukiwa tunasugua masufuria mlangoni. Nilimwambia juu ya pini na juu ya kitenge changu kizuri. Nilimwambia maneno niliyokuambia chini ya mteremko, na maneno niliyoandika. Hakulia. Alimaliza sufuria aliyokuwa nayo, akaisuuza, akaigeuza kifudifudi juani. Kisha akaingia ndani akafunga nguo zake kwenye kitambaa, akaenda kwa dada yako, mtaa wa Ndosho.

Nimekwenda huko mara mbili. Dada yako, ambaye sasa ameambiwa, alizungumza nami akiwa amesimama mlangoni, na hakunipisha niingie.

Jana Aline alikuja kuchukua madaftari yake. Nilimwandalia chakula, hakukaa. Aliyapanga madaftari kwenye mfuko, akayahesabu, akaenda hadi mlangoni, ndipo akaniuliza bila kugeuka.

"Mama. Ulipomwambia vile pale mteremkoni, papa alisema nini?"

Sikutaka kudanganya tena, nikamwambia. Kwamba uliniangalia kwa muda, ukaona jinsi watu walivyokuwa wananitazama, ukavua saa yako ukanipa nikushikie. Na kwamba ulisema, "Usijali, prezida wangu. Hawatakucheka."

Alisimama pale akiwa amenipa mgongo. Nilifikiri atageuka. Nikamsikia akipumua kwa nguvu, kisha akashuka ngazi.

Lala, Papa Aline. Nimekuandikia kwa mkono uleule ulioandika ripoti, na sikuombi chochote.

Mke wako,
Mama Aline