Babu Chacha Hakulifuta Jina Lako

Dodoma,
Jumapili mchana

Bibi yangu Ghati,

Shikamoo. Najua umeshaitika kabla Mwalimu Neema hajamaliza kulisoma neno lenyewe. Magoti yanaendeleaje na baridi ya asubuhi? Na ule mguu ulioteguka kwenye mashimo ya wachimbaji, umepona, au bado unaufunga kitambaa na kusema ni kitu kidogo? Mama aliniambia tangu rashi ya dhahabu ilipolipuka na watu kufurika nyuma ya shamba la mihogo, karasha zinasaga mawe kutwa nzima na kuku wameacha kutaga. Mimi ni mzima wa mwili. Kula nakula, ila chakula hakina ladha.

Mwalimu, nakuomba usome yote, usiruke popote kwa kumwonea Bibi huruma. Simu nimeiogopa. Kwa simu angenipa pole kabla sijataja kosa, nami ningeipokea hiyo pole na kunyamaza.

Bibi, Babu Chacha hakulifuta jina lako. Nimelifuta mimi.

Huwa unaniuliza napiga chapa nini mwaka mzima. Wenzangu hapa ofisini wanaandika programu, yaani mistari ya maagizo ambayo kompyuta inayafuata. Mimi natunza chombo kinachosoma mistari yao na kutafuta makosa. Zamani kikiona kosa kilichora alama nyekundu, basi, na aliyeandika akaamua mwenyewe. Ni kama wewe na ulezi kwenye ungo: chombo kilionyesha jiwe lilipo, mkono wa kulitoa ulikuwa wa mtu. Bosi wetu akachoka kusubiri mikono ya watu. Akaniagiza nikifundishe kutoa mawe chenyewe.

Nilifurahi, sikufichi. Nilijiona nami nimekuwa mtu. Nikakifundisha mambo mengi, na mojawapo ni hili: kikikuta maagizo mawili yanayopingana, kilifute la pili.

Jirani yangu wa meza ni Salehe, kijana mpole wa Tanga. Ndiye aliyepewa kuandika programu ya kuorodhesha kaya za huko Matongo zitakazohamishwa kupisha mgodi, ili zipewe viwanja na nyumba kwingine, na makaburi yake yahamishwe kwa heshima. Alipojua natoka huko akaniuliza mila zetu zikoje. Nikamweleza nyumba ntobhu, kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke mwenzake kwa ng'ombe kamili, mbele ya wazee, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake. Nikamwambia ulimwoa Mama hivyo baada ya Babu Mwita kufariki, na nilipozaliwa ukanipa jina lake. Salehe alianza kucheka, akauona uso wangu, akaacha. Tukakaa pamoja tukaongeza agizo. La kwanza lilisema kila mwenye mke aandikwe mwanaume. Letu likafuata chini yake: mwenye mke akiwa mwanamke, aachwe alivyo, na nyumba yake iingie.

Siku ya kukiwasha chombo Salehe aliniuliza, "Kitatuuliza kwanza, Mwita, kabla hakijafuta?"

Nikamjibu, "Kuuliza ndiko kunakotuchelewesha."

Hayo ni maneno yangu, Bibi, nimeyasema kwa mdomo huu. Chombo kikapita kwenye kazi ya ofisi nzima, alama nyekundu zote zikaisha, watu wakapiga makofi, bosi akaagiza soda. Kilitoa pia orodha ya kila kilichofutwa. Ilikuwa ndefu, sikuisoma, na agizo letu lilikuwa humo. Kwa hiyo ukaandikwa mwanaume, programu ikakulinganisha na kitambulisho chako, ikakuta mwanamke, ikakutoa. Na nyumba nyingine zote kama yetu zimetoka hivyohivyo.

Mama alipopiga simu kusema kuta za majirani zimepigwa rangi nyekundu ya waliomo kwenye orodha na nyumba yetu imerukwa, nilijua palepale. Nilikusikia nyuma yake ukisema, "Mura, kijana wangu, wameona hatuna mwanaume." Ningesema siku ile. Badala yake nikasema nitafuatilia. Haikupita wiki ukamsimamisha Babu Chacha mnadani, mbele ya watu na ng'ombe wao, ukamwita mwizi wa nyumba ya marehemu kaka yake. Kila mtu alikuamini, kwa kuwa miaka yote amekuwa akiitolea macho ardhi ya Babu Mwita. Lakini kwa hili hana kosa hata chembe. Tangu mvua zianze amebeba aibu yangu, nami nimemwacha aibebe.

Agizo lenyewe tumelirudisha. Kazi hiyo Salehe aliimaliza kabla ya kikombe chake cha chai. Ila orodha ilishachapwa na kupigwa mihuri, na afisa wa kuhamisha kaya anasema karatasi yenye muhuri haisikilizi kompyuta. Nimempigia mpaka ameacha kupokea. Mara ya mwisho aliniambia jambo moja tu: nyumba iliyoachwa itaingia akipatikana mtu aliyeshuhudia ng'ombe wa mahari wakitoka bomani kwako, akaeleze mbele ya kamati kabla greda halijafika. Mimi nimeomba ruhusa, nitakuja Alhamisi, lakini sifai kitu. Ng'ombe wale walitoka kabla sijazaliwa. Wazee walioketi siku ile wamekufa wote, amebaki yule aliyewaswaga mwenyewe mpaka kwao Mama, Nyamwaga. Ni Babu Chacha.

Nilimpigia jana. Nilimweleza kila kitu, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Wewe ni mtoto, mura. Si wewe uliyenitukana mnadani. Aliyenitukana miguu anayo." Akakata simu.

Bibi, nakujua. Sijawahi kukuona ukimwendea shemeji yako kwa unyonge, hata mwaka ule wa njaa. Nikikufikiria unatembea kwenda kwake na mguu huo, kuomba radhi kwa kosa langu, natamani ardhi inimeze. Na nikilifikiria kaburi la Babu pale kwenye migomba, na greda linakuja, napungukiwa na akili. Sioni njia nyingine, na hii yenyewe siiamini sana.

Nisalimie Mama, mwambie namsikia anavyojikaza asilie kwenye simu. Nisalimie dada Robi na mwanawe, na wewe Mwalimu Neema, asante kwa sauti yako. Kwa Babu Chacha situmi salamu. Bibi, naomba barua hii uifunge kwenye pindo la kanga, uende nayo kwake pamoja na Mwalimu, isomwe tena uani kwake, kwa sauti, majirani wakisikia aliyeifuta nyumba ni nani.

Umezoea kuniita mume wangu, kwa sababu ya jina la Babu. Nikifika Alhamisi usiniite hivyo. Kwanza tutazame ukuta wako kama una rangi.

Ni mimi uliyempa jina ili nyumba yako isipotee,
Mwita