Kwa Baba, Aliyeshuka Kwenye Mtumbwi wa Ndizi

Baba mpendwa,

Devota ametoka sasa hivi kumwaga maji yangu yote ya kufulia. Amejaza beseni maganda ya ndizi na nyasi alizong'oa kando ya choo, akakunja gauni, akaingia na kuanza kukanyaga. Mikono kiunoni, kidevu juu, kama wewe. Mama alimwona kutoka jikoni, akasema, "Wewe, toka humo! Mtoto wa kike hakanyagi ndizi." Devota akamjibu bila hata kusimama: "Namsaidia Babu. Babu miguu yake imechoka."

Mama akageuka pale mlangoni. Alirudi jikoni. Mimi nikachukua daftari, kwa sababu mtoto wa miaka minne ameshasema jambo ambalo sisi wakubwa tumelizunguka tangu uondoke.

Kukupigia simu nimejaribu. Unasema "mimi mzima, wasalimie," unakata. Tena haya ninayotaka kusema, binti hamwambii baba yake kwa mdomo. Kwenye karatasi labda nitaweza, maana sikuoni usoni.

Nakumbuka ulivyokuwa unakanyaga. Ulikuwa unaosha miguu mara mbili, bila sabuni, ukisema sabuni inaharibu rubisi, pombe haichachi. Ukishaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi unaimba kwa Kihangaza zile nyimbo ambazo Mama aliomba padri asije akazisikia. Watu walikuwa wanatoka mpaka Murukulazo wakisema wamekuja kuonja tu, wanaondoka jua likizama. Hakuna mwanamume hapa Kirushya aliyekamua ndizi ukamkuta amemaliza kabla yako.

Halafu ikaja harusi ya kaka. Ulikanyaga kidogo tu ukasimama. Ukakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, jasho jingi, juisi inachuruzika miguuni. Jirani akakutania, "Mzee, nguvu umeziacha Biharamulo shambani?" Watu wakacheka. Mama naye akaongeza, "Mwacheni, siku hizi hata chumbani hazifiki." Wakacheka zaidi. Na mimi nilicheka, Baba. Nilikuona unaosha miguu taratibu, unazunguka nyuma ya nyumba, na bado nilikuwa nacheka. Mume wangu ndiye aliyemalizia zile ndizi.

Baada ya hapo ulihamishia godoro lako stoo, kwenye magunia ya mahindi. Ukawa unalala mchana. Wewe ambaye hukuwahi kulalamika hata mboga ikikosa chumvi, ukawa unasukuma sahani. Migomba ikabaki na majani makavu yananing'inia, na mundu wako ukaota kutu. Siku moja nilikukuta nyuma ya jiko unafuta macho. Ukasema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Kisha Mama akaiona ile chupa chini ya godoro, dawa ya nguvu uliyoinunua mnadani. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. "Nguvu za kumpelekea nani? Kwangu huji! Sema una mwanamke Biharamulo!" Asubuhi ukachukua begi, ukasema mahindi ya kule yanakaribia kukauka. Ulinipita hapo njiani, ukasimama kidogo ukinisubiri nikuamkie. Niligeuka upande wa pili. Nilimwamini Mama. Mahindi ya Biharamulo yalishavunwa zamani, wewe hujarudi. Yule rafiki yako Msukuma unayekaa kwake nilimpigia. Alisema, "Mzee wenu yupo. Mwanamke hana. Anakula kidogo, anaangalia ng'ombe zangu kama anaangalia ukuta."

Mwezi uliopita nilimpeleka mdogo wake Devota kliniki kupimwa uzito. Nesi akaniuliza uzazi huu umekuwaje, nikamwambia huu ni mzuri, ila ule wa kwanza nililia wiki tatu bila sababu. Akasema sababu ilikuwepo. Mwilini kuna vichocheo, wao wanaita homoni, na mama akishajifungua vinashuka ghafla, vinaweza kuushusha na moyo. Sijui nini kilinisukuma, nikauliza, "Na wanaume wazee?" Alinitazama, akacheka kidogo, akafunga mlango.

Akaniambia wanaume nao homoni yao inapungua kadiri umri unavyokwenda, ila polepole, mtu hajui ilianza lini. Wengine hawasikii chochote. Wengine wanachoka, wanakasirika upesi, usingizi unaharibika, hamu ya mke inapotea, wanaona hawana kazi tena duniani. Lakini akanionya nisije nikajifanya daktari. Inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa sukari, presha, au huzuni yenyewe, ambayo nayo ni ugonjwa na inatibiwa. Akasema, "Aje apimwe damu. Na hiyo dawa ya mnadani aiache. Mwambie si yeye wa kwanza, hapa wanakuja, ila wanakuja wakisema wanaumwa mgongo."

Njia nzima nikirudi nilikuwa nakumbuka zile wiki tatu. Watu walisema nina maringo, wengine wakasema nimerogwa. Wewe ulikuwa unakuja kila jioni, unamchukua Devota mikononi mwangu, unatembea naye kwenye migomba mpaka analala. Hukuniuliza hata siku moja kwa nini nalia. Shangazi alipoanza maneno yake ulimwambia, "Mwache. Mwili umechoka, moyo utaufuata taratibu." Ulijua, Baba. Ulijua bila nesi. Ilipofika zamu yako, hakuna aliyekutembeza kwenye migomba.

Nilimweleza Mama yote. Alikaa muda mrefu anachambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Mwisho akasema, "Kumbe." Basi. Lakini juzi nimekuta godoro lako limeanikwa juani, na jana amevundika ndizi shimoni. Nikamuuliza atakanyaga nani. Akasema, "Nimekuuliza mimi?"

Zitaiva Alhamisi. Sikuiti uje kukanyaga. Atakanyaga mume wangu, ingawa anakanyaga kama anaua nyoka. Wewe njoo ukae kwenye kiti, utuambie kama nyasi za kukamulia zinatosha. Ijumaa tutakwenda wote kliniki, mimi nina siku ya mtoto, wewe utasema unanisindikiza. Yule nesi nitakuonyesha, kisha nitabaki nje. Sitauliza chochote. Wewe hukuniuliza.

Barua hii anakuletea jirani anayekwenda huko kununua mahindi. Gari lake linarudi Jumatano, nafasi ya mbele nimekuombea.

Shikamoo, Baba. Hii ni ile ya asubuhi uliyoondoka.

Ni mimi binti yako,
Mama Devota

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, nimeifungua tena. Mama amekuja kusimama mlangoni, anauliza kama nimemaliza. Nimemwambia ndiyo. Ameondoka, na sasa ananiita kutoka stoo: "Mama Devota! Lete hiyo barua hapa, usiifunge. Na mimi nina langu la kumwambia mume wangu, uniandikie kama ninavyosema, usipunguze. Anza hivi, mwambie siku ile ya harusi mimi nilimkosea mbele za watu."